Gauni la Viroba Nilishona Mimi, Vigelegele Akapigiwa Wifi

Wasomaji wenzangu, msinionee huruma. Sitaki! Nina miaka thelathini na tatu, ni fundi cherehani, nina binti mmoja aitwaye Nyamizi, na naishi naye kwenye chumba cha kupanga hapa Ilemela, Mwanza. Mwaka jana nilikuwa na mume na nyumba. Leo nina cherehani na mdomo wangu. Nitawasimulia ilivyokuwa, halafu mniambie wenyewe kama nilikosea.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Pasiansi, mtaa mmoja na wakwe zangu. Kikundi cha akina mama wa mtaani kikatangaza shindano la gauni la kushonwa kwa vitu vya nyumbani vilivyotupwa. Kitambaa kipya marufuku! Mshindi angepewa cherehani ya umeme, na ndiye angewafundisha wasichana wa mtaa kushona. Jamani, hilo la pili ndilo lililoniwasha moyo... Miaka kumi na moja nabana suruali za watu na kushona sare za shule, nani aliwahi kuniita mwalimu?

Nikaanza kuokota. Viroba vya sembe, chandarua kilichotoboka, pazia kuukuu la jikoni, pakiti za majani ya chai. Mume wangu, Baba Nyamizi, mwanzoni alinicheka, akasema ameoa chizi wa jalalani. Baadaye akawa anakaa nami sebuleni, mkasi mkononi, tunakata zile pakiti vipande vidogo, ule upande wa ndani unaong'aa, kama magamba ya sato. Alikata kwa mkono wake mwenyewe!

Tatizo likawa moja. Gauni lilitakiwa kuvaliwa, na mvaaji atembee nalo jukwaani. Baba mkwe wangu angekuwepo, tena kiti cha mbele. Kwetu Usukumani mkwe ni mtu wa kuheshimiwa. Ukikutana naye unapiga goti, unainamisha macho. Mimi nikatingishe kiuno mbele ya baba mkwe? Hata mnishikie panga!

Nikamwomba wifi yangu Kabula, mdogo wake mume wangu. Tulikuwa kama chanda na pete. Akacheka, akasema, "Wifi, wewe shona. Kutembea niachie mimi."

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Kitambaa ukikosea, unafumua unarudia. Kiroba hakina msamaha, sindano ikishapita tundu linabaki. Ikabidi nimshonee mwilini mwake, yeye amesimama, mimi nimepiga magoti, jioni tatu mfululizo. Gauni likamkaa yeye tu. Mtu mwingine hata zipu haipandi! Na fomu ya shindano nikamwachia aijaze yeye. Si ndugu yangu?

Siku ikafika. Kabula alipotokeza, uwanja mzima ulisimama. Vigelegele! Magamba yanameta, shela la chandarua linaburuzika nyuma yake... Mimi nilikuwa mwisho kabisa, nimejifunga kanga, nalia kwa furaha. Mshereheshaji akampa kipaza sauti, akamuuliza fundi ni nani.

Kabula akajibu, "Nimeshona mwenyewe. Hamwoni lilivyonikaa?"

Nikasubiri acheke, aseme anatania. Hakucheka. Wakaanza kumpigia makofi, na mwenyekiti wa kikundi akainuka kwenda kumpa mkono.

Sasa mimi mpole sikuumbwa! Nilipita katikati ya viti, nikapita mbele ya baba mkwe bila hata kuinama, nikapanda jukwaani. Nikapaza sauti, "Muongo wewe! Hilo gauni ni kazi ya mikono yangu!" Mshereheshaji akaniuliza kama nina shahidi. Shahidi? Shahidi si mume wangu yule pale!

Baba Nyamizi akasimama. Akamtazama dada yake. Akamtazama baba yake. Mimi hakunitazama. Akasema, "Mambo ya kushona ni ya wanawake. Mimi siyajui."

Heri angenizaba kofi...

Kumbe Kabula alikuwa ameposwa, na wakwe zake watarajiwa walikuwa palepale uwanjani. Alishawaambia kwamba yeye ni fundi hodari, na kwenye fomu alijiandika yeye ndiye mshonaji. Mume wangu alijua, wakwe zangu walijua. Mjinga nilikuwa mimi peke yangu!

Jumapili nikaitwa kikao nyumbani kwa baba mkwe. Nikaambiwa nimevunja heshima, mke wa mtu hapandi jukwaani kupiga kelele mbele ya mkwewe. Nikatakiwa kumwomba radhi baba, halafu na Kabula.

Nikapiga goti. "Shikamoo baba. Kwa kelele nilizopiga mbele yako, nisamehe." Akaitikia marahaba, akasema amesamehe. Mama mkwe akauliza, "Na wifi yako je?"

Nikainuka. Nikasema kwa Kabula siombi, wala msinisubiri. Shangazi mtu akanirukia, eti navunja ndoa ya mtoto kwa sababu ya viroba! Nikamwambia kama wale watu wanaoa ushonaji, basi waje wanioe mimi.

Baba Nyamizi akasema nichague, niombe radhi au niende kwetu. Nikamuuliza kama amemaliza. Nikaenda kubeba cherehani yangu, ile niliyokuja nayo siku ya ndoa, nikamshika mwanangu mkono, nikaondoka.

Sitawadanganya, nililia. Nilikuwa nashona huku machozi yanadondokea sare za watoto wa watu. Mwanangu alikuwa akiniuliza baba anakuja lini. Uchungu wa kusalitiwa na mtu mnayekula naye sahani moja msiuombe! Na Kabula? Akachukua ile cherehani ya umeme. Wasichana waliosubiri kufundishwa walipigwa kalenda wiki hadi wiki, mpaka wakachoka.

Mwezi uliopita, mchana kweupe, nikasikia hodi. Kabula! Kajitanda kanga, kabeba mfuko wa vitenge. Mama mkwe wake mtarajiwa anataka gauni la kuvaa kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga Kabula, na anataka ashonewe na mkwewe fundi. Kabula akapiga magoti sakafuni, akanipa karatasi yenye vipimo. "Wifi, nisitiri. Hii ni mara ya mwisho."

Huruma ilinijia, mimi si jiwe. Nikamwinua, nikampa kiti, nikampa maji. Nikamwambia nitashona, tena nitashona vizuri kuliko lile la viroba. Ila mimi sipimi karatasi, napima mtu. Amlete mama mwenyewe hapa nimpime.

Akalia, akasema nikifanya hivyo kila kitu kitajulikana. Nikamjibu, "Ndiyo." Nikarudi kwenye cherehani yangu. Akaondoka na vitenge vyake, mpaka leo sijamwona.

Baba Nyamizi naye huja, anasema yaishe. Nimemwambia yataisha siku atakaposimama mbele ya watu walewale na kusema sentensi moja tu: aliyeshona ni mke wangu. Bado anajifikiria. Na ajifikirie!

Dada zangu mnaosoma, nawasihi. Wakwe waheshimuni, pigeni goti, salimieni. Lakini msijifiche nyuma ya mwili wa mtu mwingine kama nilivyojificha mimi. Fomu ijaze mwenyewe. Kazi yako iandike jina lako, na uisimamie mwenyewe, hata kama mkwe kakaa kiti cha mbele.

Mimi nilichelewa kupanda lile jukwaa, kuchelewa kwa dakika tano tu, na zimenigharimu nyumba. Lakini sasa nimeshapanda. Sishuki!