Jeraha Si Mtumbwi

Castory alikuwa fundi mitumbwi pale Mwamgongo, kijiji cha kando ya ziwa. Alichovya pamba kwenye mawese, akaishindilia kwenye ufa kwa patasi butu, na maji hayakupita tena. Kazi yake ilisifiwa pwani nzima ya ziwa. Wavuvi walimwamini mno, wakawa wanamletea hata majeraha yao. Aliyekatwa na kisu, aliyechomwa na ndoano, wote walisema, "Fundi, nizibie." Naye aliwaziba kwa pamba ile ile na mawese yale yale.

Yunisi, mkewe, alikuwa akianika dagaa hapo hapo mwaloni, ufukweni walipopakulia samaki. Jumatatu moja alimwona mumewe anachechemea.

"Baba Samson, umepatwa na nini?"

"Nimekanyaga msumari wa ule mtumbwi wa zamani. Nimeshaziba."

Yunisi aliutazama unyayo. Donge la pamba lilikuwa limefungwa kwa kipande cha wavu. Alirudi kwenye dagaa wake. Angemwambia nini Castory kuhusu kuziba?

Jumatano mguu ulivimba, ngozi ikang'aa na kuwa ya moto. Alhamisi homa ilipanda. Kinenani palitokea mtoki, uvimbe mgumu uliouma hata akikohoa. Pamba ilianza kutoa usaha.

"Inavuja," Castory alisema huku akitetemeka. "Nishindilie nyingine juu, mama Samson."

Yunisi aliishika pamba, na hofu ikamwingia. Mwaka uliopita Meshack, mdogo wake Castory, alijikata mguu kwa shoka. Alizibwa hivi hivi, akavimba hivi hivi. Siku ya nane walimzika. Msibani watu walinong'ona kwamba amerogwa na Caritas, mkewe mwenyewe. Yunisi aliamini, akaacha kumsalimia. Lakini sasa aliuona ugonjwa ule ule kwenye mguu wa mumewe, na Caritas hakuwa amekanyaga nyumbani kwake kwa mwaka mzima. Aliitupa pamba chini.

"Sishindilii kitu. Twende zahanati."

"Zahanati, kwa msumari?"

"Nimeshamzika shemeji yangu. Sitaki kukuzika na wewe. Inuka!"

Zahanati walimkuta Frida, muuguzi. "Shikamoo, fundi," alisema, kisha akaanza kuitoa pamba taratibu. Usaha ukamwagika. Yunisi aligeuza uso.

"Nani amekuziba hivi?"

"Mimi mwenyewe," Castory alijibu. "Tundu huzibwa, nesi."

"La mtumbwi, ndiyo. Maji yako nje, unayazuia yasiingie. Lakini huu msumari ulikuwa mchafu. Uliingia na bakteria. Ni vijidudu vidogo, havionekani kwa macho. Ulipoziba, adui alishakuwa ndani. Umemfungia humo, mahali pa joto, pasipo na hewa. Bakteria wa pepopunda wanapapenda sana mahali kama hapo."

"Sasa mbona mguu umekuwa wa moto hivi?" Yunisi aliuliza. "Si ndio ugonjwa wenyewe?"

Frida alikuwa akiosha jeraha kwa maji safi mengi. Alijibu bila kuinua kichwa.

"Huo moto ni mwili wake unapigana, mama. Mwili umejengwa kwa seli. Ni vitu vidogo mno, na kila seli ina kazi yake. Kuna seli zinaitwa makrofaji. Kazi yao ni kumeza. Zimekaa chini ya ngozi siku zote, zinangoja. Bakteria akiingia, makrofaji inamgusa na kumtambua kuwa ni mgeni. Inamzunguka, inammeza, inamsaga ndani yake mpaka anakwisha."

"Anamezwa mzima mzima?"

"Mzima mzima. Lakini bakteria huzaana upesi. Makrofaji zikizidiwa zinaita msaada. Zinatoa kemikali, na mishipa ya damu inapanuka. Damu inakuja kwa wingi, ndiyo maana panakuwa pa moto na panavimba. Seli nyingine za damu zinakuja kusaidia kumeza. Nyingi zinafia hapo hapo. Usaha huu ni maiti zao pamoja na za bakteria. Ule mtoki nao ni kituo cha ulinzi. Makrofaji nyingine ziko humo, zinakamata bakteria wanaopanda mguuni."

"Na homa?"

"Taarifa ikifika kwenye ubongo, mwili unapandisha joto ili kupambana na adui."

Castory aliitazama pamba iliyotolewa. Kisha aliuliza kwa sauti ndogo, "Nesi, mtu akizibwa hivi, anaweza kufa?"

"Anaweza. Bakteria wakiishinda ngome hii wanaingia kwenye damu, na wanaenea mwili mzima."

Castory aligeukia ukutani, mabega yakaanza kutikisika. "Meshack nilimziba mimi," alisema. "Kwa mikono yangu hii." Katika miaka yote ya ndoa Yunisi hakuwahi kumwona akilia.

Frida alimwekea mkono begani. "Hukujua, fundi," alisema. "Sasa unajua."

Alimchoma sindano ya pepopunda, akampa dawa za kuua bakteria. "Dawa zinasaidia seli zako. Meza mpaka dozi iishe, hata ukijisikia mzima. Ukiacha katikati, waliobaki watazaana upya. Na homa isiposhuka kufikia kesho jioni, pandeni boti mara moja, mwende hospitali Kigoma."

Homa ilishuka. Castory alimaliza dozi, na Yunisi alikuwa akimhesabia vidonge kila siku. Uvimbe ulipokwisha, Frida aliwaambia kwamba sasa makrofaji zinafagia mabaki na kusaidia nyama mpya iote.

Wiki tatu baadaye Castory alikuwa tena mwaloni. Pembeni yake kulikuwa na ndoo ya maji safi na kipande cha sabuni. Caritas alikuja mbio, kidole kinatoka damu. Alikuwa amejikata akipasua samaki aina ya migebuka.

"Shemeji, nizibie."

Castory alikiosha kidole kwa maji na sabuni, akakifunga kitambaa safi. "Nenda kwa Frida akakitazame."

"Kwani pamba imekuishia?"

"Pamba ipo." Castory alisimama. Wavuvi walikuwa wakipakua samaki, wanawake wakianika dagaa. Alipaza sauti, na sauti yenyewe ilikwaruza.

"Sikilizeni! Huyu mnasema alimroga mdogo wangu. Hakumroga. Jeraha la Meshack lilikuwa na bakteria, mimi nikawafungia ndani kwa pamba. Nilitaka kumponya. Asije mtu tena kwangu kuzibwa. Jeraha linaoshwa, kisha zahanati."

Wavuvi waliweka chini vikapu vyao. Caritas aliketi mchangani, akafunika uso kwa kanga. "Mwaka mzima," alisema. "Mwaka mzima nachota maji peke yangu."

Yunisi aliona aibu. Aliacha dagaa wake kwenye mchanga, akaenda, akamshika Caritas mkono ule usio na jeraha.

"Mwakeye, Caritas," alisema. Ilikuwa salamu yake ya kwanza tangu msiba.

Caritas alichelewa kuitikia, lakini aliitikia. Wakapanda kilima pamoja kwenda zahanati.