Mikono ya Wahesabu Vyura

Sindano alishuka ngazi tatu tatu, bastola ya Beretta kiunoni, redio mdomoni.

"Fungeni geti! Asitoke hata sisimizi!"

Geti la kituo cha utafiti likafungwa. Land Cruiser nyeupe ikakwama pale, inanguruma.

Sasa, kilichoibwa si dhahabu. Ni kadi ya kumbukumbu, ndogo kama ukucha, imechomolewa kwenye kompyuta ya shangazi yake, mtafiti wa viumbe. Miaka kumi na tisa mama yule anahesabu vyura wa aina moja. Zamani walipiga kelele mpaka watu hawalali. Leo wamebaki arobaini na mmoja, na kadi inaonyesha kila mmoja alipo. Ikiwafikia walanguzi, kesho vyura wamo kwenye maboksi. Keshokutwa dunia haina chura yule tena. Basi, kwisha.

Garini, watu watatu. Wote wana vitambulisho vya utafiti, wote wana tope mpaka magotini.

"Tumetoka kuhesabu vyura," wakasema.

Redio ikakoroma. Mkuu wake.

"Dakika tano, Sindano, kisha waachie. Wana barua kutoka juu."

Akabonyeza redio tena, akamwita shangazi yake.

"Shangazi, mwizi yupi?"

"Jasusi ni mimi au wewe?"

"Shangazi!"

"Haya, haya. Wanuse mikono."

"Niwanuse?"

"Pua umepewa ya pambo? Nusa!"

Wa kwanza, tope. Wa pili, mwanamke, tope na jasho.

"Kaka, unaposa au unapekua?" akamcheka.

Wa tatu, mwenye miwani. Harufu ikampiga puani.

"Huyu kajipaka dawa ya mbu."

"Mikononi?" Shangazi akashusha pumzi. "Huyo hajashika chura tangu azaliwe. Chura anakunywa kwa ngozi, mwanangu. Sisi mbu wanatutafuna tunavimba, dawa mkononi hatugusi. Unamuua."

Mwenye miwani akaingiza mkono kotini.

Sindano akawahi. Kiwiko. Goti. Bastola ya jamaa ikaanguka chini.

Kadi ilikuwa chini ya plasta, kidole gumba.

"Ilete makao makuu, tuihifadhi," mkuu akaagiza.

"Kwa watu wa barua hizo?" Shangazi akadakia kwenye redio ile ile. "Ivunje. Kompyuta nafuta mwenyewe. Vidimbwi ninavyo kichwani."

Kisigino. Kach!

"Sindano? Kadi iko wapi?"

"Kadi gani, mkuu?"

Akazima redio, akaanza kuzunguka kituo polepole, mikono mfukoni. Ila macho hayakutulia, yanapekua kila dirisha. Ramani ya vyura sasa iko kwenye kichwa cha mama mmoja, na mama huyo hataki mlinzi.