Kambi ya Kona ya Chania

Kila asubuhi, kabla jua halijatoka vizuri, Kagure alikuwa barabarani na mtungi wa maziwa. Kwao ni Kamakwa, hapo nje kidogo ya mji wa Nyeri. Ng'ombe wao ni mmoja tu, lakini huyo mmoja anakamuliwa mpaka unashangaa maziwa yote yalikuwa yamekaa wapi. Kagure anafikisha maziwa kwa ndairi, pale yanapopimwa na kununuliwa, anaosha mtungi kwa maji baridi ya mfereji, vidole vinakufa ganzi, halafu anatoka mbio kwenda shule. Alikuwa na miaka kumi na tatu, na mbio alikuwa nazo.

Lakini hiyo wiki ya mwezi wa tatu hakuna mtoto wa shule yao alisikia baridi. Mwalimu Nduku, mwalimu wa maskauti, mama mmoja mrefu aliyetoka Kitui, alikuwa amewaita mstarini na kutangaza maneno matamu.

"Shule ikifungwa, maskauti wote arobaini tunaenda kambi, siku mbili," alisema. "Na mahali mtatafuta wenyewe. Pawe karibu na mji, lori liweze kufika. Pawe na msitu na mto. Kila kikosi kilete mahali pake Jumatatu, tupige kura."

Kelele iliyotoka hapo, hata kuku wa jirani walikimbia.

Kagure alikuwa kiongozi wa Kikosi cha Mbega. Kikosi cha Chui kiongozi wake alikuwa Mutahi, kijana wa maneno mengi, na huyo ndiye alikuwa ameshinda mwaka uliotangulia. Mwaka huo Kagure alileta mahali pazuri sana, lakini maji yalikuwa mbali. Siku ya kwenda kujaribu kupika pale, githeri yao ya mahindi na maharagwe ilikaa motoni mpaka jioni na haikuiva. Tangu siku hiyo Mutahi alimpa jina.

"Githeri Ngumu!" alimwita hata sasa, wakitoka mstarini. "Mbega watalala wapi? Juu ya mti?"

"Na Chui mtalala wapi?"

"Hiyo ni siri."

"Siri gani! Ni uwanja ya kanisa ya cucu yako. Kila mtu anajua."

Watoto walicheka mpaka Mutahi akakunja uso. Ilikuwa kweli, ni kanisa la nyanya yake, na uwanja wenyewe hauna hata mti mmoja. Hapo Kagure alijua kwamba mwaka huu anaweza kumshinda. Alilitaka hilo jambo kuliko nguo mpya ya Krismasi.

Jumamosi aliomba lifti kwa mjomba wake Wamae, ambaye hupita na pikapu akikusanya maziwa upande wa Ihururu. Alienda na Ouko, rafiki yake wa kikosi. Baba ya Ouko ni polisi aliyehamishiwa Nyeri kutoka Siaya, na kijana mwenyewe ni mtu wa maswali, anakuuliza mpaka unachoka. Mjomba aliwashukisha pale mashamba yanapoisha na msitu unaanza. Akawaambia atarudi baada ya saa mbili, na wasimwambie mama ya Kagure kama watalowa.

Waliteremka wakifuata sauti ya maji. Na walipotokea kwenye kona ya mto, wote wawili walisimama.

Wacha nikuambie vile palikuwa. Mto Chania ulikuja kutoka msituni ukiruka mawe, ukafika hapo ukazunguka polepole kama mzee anayetafuta kiti. Ndani ya hiyo kona kulikuwa na uwanja wa nyasi fupi, laini, umelala sawa kama meza. Miti mikubwa ilikuwa imeinama juu yake. Mbega wenyewe, wale kima wa manyoya meusi na meupe, walikuwa juu ya matawi wakiwaangalia.

"Woi!" Kagure alisema. "Ouko, tumeshinda! Mutahi atalia!"

Ouko alikuwa ameangalia juu. "Na nani ameanika gunia huko?"

Ilikuwa kweli. Juu ya kichwa cha Kagure, juu hata ya kichwa cha mtu mzima, kwenye tawi kulikuwa na gunia lililoraruka. Lilishikana na mabua ya mahindi na slipa moja ya mtoto.

Kabla hawajajua wafikirie nini, mama mmoja alitokea na mzigo wa nepia, majani ya ng'ombe, mgongoni na panga mkononi. Alisema anaitwa Mama Ken, na hilo shamba lote mpaka mtoni ni lake. Walimsalimia, wakamweleza wanatafuta nini.

"Kambi! Hiyo ni vizuri," Mama Ken alisema, akatua mzigo. "Lakini si hapa chini, mami. Unaona hiyo gunia? Si mtu aliweka. Ni mto. Ikinyesha huko milima ya Aberdare, maji inakuja mpaka hapo. Na inakuja hata kama hapa ni jua kali, huoni hata wingu. Mwaka juzi ilinikuta nikifua nguo. Niliwacha nguo na beseni, nikatoka mbio hivi nilivyo."

"Sasa tulale wapi, Mama?" Ouko aliuliza.

"Hapo juu, kwa malisho yangu. Mje tu. Mwalimu wenu anipigie simu, namba ndiyo hii. Mkitaka maji mtashuka kuchota."

Kagure aliangalia hapo juu. Ilikuwa miinuko miinuko, imejaa mavi ya ng'ombe, na kivuli hakuna. Akaanza kusikia sauti ya Mutahi: Githeri Ngumu ametuletea mavi!

Mama Ken alipoenda na nepia yake, Kagure aliangalia gunia tena. Halafu akasema, "Ouko, panda utoe hiyo gunia."

"Ya nini?"

"Skauti akipata mahali ni pachafu, anasafisha. Si ndiyo sheria?"

"Sheria ni kusafisha ukitoka. Sisi hata hatujalala."

"Panda, bana!"

Ouko akapanda. Gunia likaanguka, mabua yakaanguka, slipa ikampiga Kagure begani. Walivitupa vyote nyuma ya kichaka. Kagure akatoa simu ya baba yake na kupiga picha: nyasi, maji, mbega, miti safi kabisa. Malisho ya juu hakupiga hata moja.

Jumatatu picha zilipoonyeshwa, maskauti wote walipiga mayowe. Mwalimu Nduku mwenyewe alitabasamu. Kisha akauliza swali moja tu.

"Kagure, mto ukijaa, maji yanafika wapi?"

Aliona Ouko ameinamisha macho.

"Hayafiki hapo, mwalimu. Hata mama mwenye shamba alituonyesha mahali pa kulala."

Na unaona vile uongo huwa, uliingia kwa maneno ya kweli ukakaa hapo starehe. Mwalimu alimpigia Mama Ken simu kuomba ruhusa. Mama Ken akasema kwa furaha, "Karibuni sana! Nilionyesha huyo msichana mahali yenu." Mwalimu akaridhika. Kura zilipigwa, na Mbega wakashinda kwa mbali. Mutahi alikuja akampa mkono bila neno, na Kagure akasikia utamu mpaka kwa magoti.

Wakienda nyumbani, Ouko alimuuliza, "Kwa nini hukusema?"

"Kwani kunanyesha? Ni siku mbili tu, Ouko."

"Na huo mto umeuambia ni siku mbili?"

Kagure akamwambia anyamaze. Na Ouko, pamoja na maswali yake yote, akanyamaza.

Siku ya kambi ilifika na jua zuri ajabu. Lori lilijaa sufuria, unga, kabeji, hema kumi, na watoto wanaoimba mpaka sauti zikakauka kabla ya kufika Ihururu. Walipoiona hiyo kona ya mto waliruka chini hata kabla ya lori kusimama sawasawa. Mama Ken hakuwapo. Alikuwa ameenda soko tangu asubuhi, na Kagure akapumua.

Kufikia saa nane hema zote zilikuwa zimesimama kwenye uwanja wa nyasi. Kabeji ilikuwa motoni. Wengine wanarusha mawe mtoni, wengine wanawaigiza mbega. Kagure alipita katikati kama mwenye harusi, kila mtu anamwambia, "Kagure, umeweza!"

Kisha Wangui akaja kumvuta shati. Wangui alikuwa wa gredi ya nne, mdogo kuliko maskauti wote, na hema yao wasichana wadogo ilikuwa inahamishwa.

"Kagure, tumeomba tulale hapa kabisa, karibu na maji," alisema. "Nataka nikilala niyasikie. Ni sawa?"

Kagure alifungua mdomo aseme ni sawa. Lakini macho yake yalipita juu ya kichwa cha Wangui, mpaka huko mbali kwa milima. Hapa jua lilikuwa linawaka. Aberdare ilikuwa nyeusi kama chini ya sufuria. Halafu akasikia ngurumo, ndogo, ya mbali, kama mtu anayesukuma meza katika nyumba ya jirani.

Aliangalia mtoni. Maji yaliyokuwa maangavu yalikuwa yameanza kuwa na rangi ya chai.

Alijua akisema, hawa wote wanaomsifu watajua. Mutahi atajua. Lakini Wangui alikuwa bado ameshika shati yake akingoja jibu. Kagure alimshika mkono na kumkimbiza mpaka kwa Mwalimu Nduku.

"Mwalimu, nilidanganya!" alisema kwa nguvu, kila mtu akasikia. "Maji yanafika hapa. Yanapita hata kichwa. Mama Ken aliniambia tusilale huku chini, na mimi nikaficha. Na huko juu kunanyesha!"

Mwalimu Nduku aliangalia mlima, akaangalia mto. Alipuliza filimbi mpaka mbega wakaruka.

"Wote juu kwenye malisho! Wadogo mbele! Hema zibebwe zilivyo, hakuna kukunja!"

Basi ungeona maajabu. Hema zilianza kupanda mlima zikiwa na miguu ya watoto chini yake, kama kobe wakubwa. Mmoja anaanguka, anainuka, anacheka kwa woga. Mutahi alikuwa na mtoto mgongoni na ndoo mkononi, na bado mdomo haukupumzika: "Githeri Ngumu! Umetuleta kwa mavi! Nimekanyaga! Nimekanyaga tena!" Kagure alikuwa wa mwisho. Alirudi mara tatu kubeba mizigo, na ya nne Mwalimu akamshika mkono.

"Sufuria ya kabeji, mwalimu!"

"Iwache!"

Walihesabiwa: arobaini. Na hawajamaliza kupumua, wakasikia. Ilikuwa sauti kama malori mengi yanayopanda mlima pamoja. Mto ulitokea msituni ukiwa mwekundu, umebeba magogo na migomba mizima. Uliingia kwenye kona na haukuzunguka tena, ulipita katikati moja kwa moja. Uwanja wa nyasi ulipotea. Kabeji yao ilielea kidogo na sufuria yake, ikapinduka, ikaenda zake huko chini mto Sagana. Na huko walikosimama, jua lilikuwa bado linawaka, hata tone moja la mvua halijawaangukia.

Watoto walipiga mayowe, wengine ya woga, wengine ya kushangaa tu. Wangui alikuwa ameshika mkono wa Kagure na hakuuachilia.

Kutoka upande wa barabara akaja Mama Ken mbio, kikapu cha soko kimepinduka kwa mkono, viazi vinadondoka. Alikuwa ameuona mto. "Watoto!" alikuwa analia. "Watoto wa wenyewe!" Alipowaona juu kwenye malisho yake, akakaa chini pale pale. Halafu akamuona Kagure.

"Si nilikuonyesha, mami?"

"Ulinionyesha, Mama," Kagure alisema, na sasa akalia. Alitoa beji yake ya kiongozi akampa Mwalimu.

"Na mimi niliona," Ouko alisema kutoka nyuma. "Ni mimi nilipanda nikatoa gunia. Kisha nikanyamaza."

Mwalimu Nduku aliweka beji mfukoni. Alingoja mpaka kila mtoto akakaa chini, mahali pasipo na mavi.

"Kwetu Kitui," alisema, "mto unaweza kuwa mchanga mtupu, watoto wanacheza mpira ndani. Kisha maji yanakuja ya mvua ambayo wao hawajaiona. Ndiyo maana niliuliza lile swali. Sisi wote hatukuwa tumefika hapa, Kagure. Wewe ndiwe ulikuwa macho yetu. Ukituficha kitu, ni kama umetufunga kitambaa usoni na kutuambia tutembee."

Kagure aliitikia kwa kichwa.

"Beji nitakaa nayo muhula mzima. Ouko, wewe utaosha sufuria zilizobaki siku zote mbili, maana kunyamaza pia ni kudanganya. Lakini sikilizeni nyote. Huyu msichana aliona aibu inamngojea, na bado akaenda kukutana nayo mbele ya watu, wakati bado kulikuwa na nafasi. Angengoja dakika ishirini tu, tungekuwa tunahesabu watoto kwa machozi."

Hakuna aliyecheka. Hata Mutahi alikuwa anaangalia viatu vyake.

Usiku huo walilala kwenye mteremko, wakiteleza mmoja juu ya mwingine, na vicheko havikuisha mpaka Mwalimu akachoka kuwanyamazisha. Asubuhi maji yalikuwa yamerudi chini. Kagure alishuka na Mama Ken wakapigilia vigingi pale maji yalipokuwa yamefika, ili mtu mwingine akija ajue. Kisha akakaa kwenye jiwe na daftari, akaandika ripoti ya mahali hapo, safari hii ya kweli.

Mwalimu Nduku aliisoma akiwa amesimama. Mstari wa kwanza ulisema maji yanafika wapi. Wa pili ulisema malisho yana mavi na mteremko. Uzuri wa mto, miti na mbega ulikuja baadaye.

"Sasa mahali hapa nimepaona," Mwalimu alisema, akamrudishia daftari. "Ukichagulia watu mahali pa kulala, waambie yote uliyoyaona, na lile baya uanze nalo. Uzuri watauona wenyewe wakifika."