Sauti ya Bwana Dunmore

Mchoraji Rowland Tice alivua kofia, akapangusa unyevu wa ukungu wa London, kisha akamshukuru Honor Pallister kwa barua nzuri ya mwaliko. Honor akatabasamu kwa adabu. Barua hiyo hakuiandika yeye.

Si jambo dogo hilo. Kwa miaka mingi barua zote za Hesketh Dunmore, mwigizaji mashuhuri na mwenye jumba la maigizo pale mtaa wa Strand, zilipita mikononi mwa mjane huyo. Ndiye aliyewajibu mahakimu, wachoraji na mabibi wakubwa waliogombea viti kwenye meza ya Dunmore, katika chumba cha chakula nyuma ya jukwaa. Alijua nani hakalishwi karibu na nani, na nani asiongezewe mvinyo.

"Kaniita peke yangu," Tice alijitapa. "Safari hii, Bi Pallister, sigawani bata na yule hakimu mlafi."

Kulipokucha Tice alikuwa bubu. Madaktari wakasema ni baridi ya koo. Wiki haikuisha, hakimu naye akapata mwaliko wake, akala, akarudi nyumbani hana sauti hata ya kumwita mtumishi.

Honor akaanza kumtazama Dunmore kwa jicho la pembeni. Kiangazi kilichopita koo lilimuuma mpaka sauti ikampotea, watu wakamhesabu amekwisha. Mara akarudi jukwaani na sauti iliyowaliza hata wale wa viti vya bei rahisi. Tangu hapo hakula tena na waigizaji wenzake. Kila alipopita aliacha harufu ya mshumaa uliozimwa sasa hivi, ilhali jumba zima lilikuwa na taa za gesi. Kisha mchana mmoja, katika mazoezi, alitakiwa acheke. Akacheka, na Honor aliyeketi nyuma akahisi vinyweleo vikimsimama. Kilikuwa kicheko cha Tice, pamoja na ule mkoromo wake wa mwisho.

Akaenda moja kwa moja kwa Tice, akamuuliza kilichotokea mezani. Mchoraji alishika chaki, akaandika kwamba Dunmore alimwita kwa jina, akamuuliza kama amepata barua yake. Naye akaitika. Basi, hapo ndipo sauti ilipomtoka.

Kesho yake Honor alikuwa akipita mlango wa ofisi ya ghorofani, huku sauti ya Dunmore ikinguruma kule jukwaani, aliposikia kalamu ikikwaruza karatasi ndani. Akafungua. Dunmore alikuwa ameketi mezani, amekonda, ndevu hazijanyolewa, anaandika.

Honor aliingia, akaufunga mlango nyuma yake. Jukwaani Dunmore anaghani. Hapa Dunmore anaandika. Yule wa mezani alifungua kinywa kusema, ikatoka pumzi tupu.

"Ulimpa yule wa jukwaani sauti yako?" Honor alinong'ona.

Akatikisa kichwa kukubali.

"Acheze badala yako, jina lako lisife?"

Akakubali tena.

"Na rafiki zako je?"

Dunmore aliinamisha uso. Honor akaitazama bahasha iliyokuwa mbele yake. Wino haujakauka bado, na jina lililoandikwa lilikuwa lake yeye, Honor Pallister.

Kule jukwaani sauti ikakatika katikati ya neno. Zikaja nyayo, hazina haraka, zikipanda ngazi, na harufu ile ya mshumaa ikapenya chini ya mlango, na Honor akautia ufunguo, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa kabati, akisikia kitasa kikizungushwa polepole na sauti ya Tice ikimwita kwa mzaha, halafu ya hakimu ikimwamuru, halafu ya Dunmore mwenyewe, laini kama ya mgonjwa anayeomba maji, "Bi Pallister, barua yangu umeipata?", naye akauma ulimi mpaka akaonja damu, kwa kuwa alijua kuitika ni kukubali.

Dunmore akainuka. Aliichukua bahasha, akaitia motoni. Akamshika Honor bega, kama mtu anayeaga, akafungua mlango, akatoka, akaufunga nyuma yake.

Honor alisikia sauti nyingi zikigombana kwa pamoja, za kike na za kiume, nyingine hakuzijua. Kisha kimya. Alipothubutu kutoka, Dunmore alikuwa amelala sakafuni peke yake, anapumua.

Jioni hiyohiyo Tice alimwita mkewe kwa jina, na hakimu akamfokea mpishi. Sauti ya Dunmore haikurudi. Alihamia kwa dada yake huko Kent. Wale waliogombea meza yake hawakumwandikia hata mstari mmoja. Honor tu ndiye aliyemtembelea, na Tice, aliyemsamehe kwa shida.

Jumba lilipata mmiliki mpya, mtu ambaye hakuna aliyejua alikotoka. Watu walisema hawajapata kusikia sauti nzuri kama yake. Honor aliapa hatakanyaga tena pale, lakini adhuhuri moja shughuli zilimlazimu kupita mbele ya mlango ule. Akaharakisha. Ndani, gizani, mtu akamwita, "Noni," jina ambalo marehemu mama yake pekee ndiye aliyelitumia, tena kwa sauti ileile ya mama.

Honor alikuwa amekwisha kufungua mdomo kuitika.