Mbuni Uliovuka Mto Karuruma

Enzi zile, upande wa magharibi wa ziwa kuu, kila kilima kilikuwa na ngoma yake, na mibuni yote ya kahawa ilikuwa ya Mukama, mfalme wa nchi. Mvua iliwanyeshea wote, jembe walilishika wote isipokuwa yeye, lakini mtu akikutwa na mche mmoja nyuma ya nyumba alinyang'anywa migomba yake na kukatwa mkono. Kisha Mukama huyohuyo aligawa buni kama zawadi! Alizichemsha kwanza. Zilinukia, zilitafunika, kuota, hapana. Ukarimu wa namna hiyo haujafa hadi leo.

Kabyemera wa ukoo wa Waheta aligoma kubeba machela ya mwana wa Mukama. Kwa hilo tu, ukoo mzima ulifukuzwa. Wakavuka Mto Karuruma na mikuki yao, watoto mgongoni, mavazi yao ya magome yakichuruzika maji, wakafika kwa Ruhanika, mkuu wa vilima vya ng'ambo, kuomba kinga yake.

"Undugu wa damu naufunga na mtu mwenye kwake," Ruhanika aliwaambia. "Tutapasua buni moja itoe punje mbili, kila mmoja apake yake damu, mwenzake aimeze. Lakini buni hiyo iwe imezaliwa kwenye udongo wenu. Masika ya nne yakipita hamna kitu, nawarudisha kwa Mukama wenu. Sitapigana kwa ajili ya wapita njia."

Basi Waheta wakapanda buni za zawadi walizokuja nazo. Wakazimwagilia, wakaziimbia. Masika ya kwanza yakaisha, buni zikaozea ardhini. Hapo ndipo walipoelewa wamekuwa wakipokea nini miaka yote ile. Kabyemera akacheka kwa hasira hadi machozi yakamtoka.

"Shemeji," alimwambia Rutahindurwa, kaka wa mkewe, "beba panga, mkuki na ngao. Tunakwenda shambani kwa Mukama."

Waliingia asubuhi ya mwezi mwandamo, walinzi wakiwa wamekwenda kuiamkia ngoma ya Mukama, kama ilivyokuwa desturi. Rutahindurwa akayarukia matawi ya ubavuni yaliyoinama kwa buni nyekundu.

"Acha hayo!"

"Niache? Huoni yalivyozaa?"

"Punje huchelewa kuzaa, muda hatuna. Na tawi la ubavuni ukilipanda litatambaa chini kama wewe ukishashiba pombe ya ndizi. Kata machipukizi yaliyosimama wima, haya ya shinani."

"Dada yangu kaolewa na mdomo," Rutahindurwa akanung'unika, lakini akakata.

Kabyemera aliijua mibuni ile. Aliipalilia kwa shokoa, kazi ya kulazimishwa, tangu utoto, bila hata ahsante. Wakayafunga machipukizi kwa maganda mabichi ya mgomba yasinyauke, wakatoka mbio.

Mtoni walifikiwa. Kaihura, jemadari wa walinzi, alisimama ukingoni na mikuki kumi nyuma yake.

"Wezi! Rudisheni mali ya Mukama!"

"Mali yake?" Kabyemera akapaza sauti, maji yakimfika kiunoni. "Kamuulize mbuni hupandwa kivulini au juani! Akijibu, narudi mwenyewe!"

Mikuki ikaruka. Mtu mwenye akili angejikinga kifua. Kabyemera aliinua ngao juu ya mzigo wa machipukizi. Mkuki ukamzama bega la kulia. Hakuuachia mzigo! Rutahindurwa akamburuta huku akirusha mikuki yao yote miwili, na Kaihura akaanguka majini akishika paja. Walinzi wakamkimbilia yeye. Wawili wale wakavuka.

Kokubanza, mke wa Kabyemera, alipunguza nusu ya majani ya kila chipukizi ili lisikauke, akayachomeka machipukizi yote kwenye udongo wa kichuguu chini ya migomba, akayafunika kwa majani ya mgomba. Yalipochipua alipunguza kivuli kidogo kidogo, akatandaza nyasi kuzunguka shina bila kuligusa. Tawi moja la ubavuni, alilolificha Rutahindurwa kwa ubishi, likashika mizizi na kutambaa chini. Watoto wakaliita "Mjomba."

Masika ya tatu maua meupe yalifunguka, kijiji kizima kikanukia. Ya nne yalipoanza, buni zikawa nyekundu.

Siku ya kiapo akafika mjumbe wa Mukama na mkoba wa ukindu uliojaa buni.

"Mukama amewasamehe. Tafuneni zawadi yake, mrudi mpige magoti."

Kabyemera alimgeukia Ruhanika. Akapasua buni ya shambani kwake, akaipaka punje moja damu yake, Ruhanika akaimeza. Naye akaimeza ya Ruhanika. Vigelegele vikapasua vilima! Ndipo akachuma buni nyingine kwa mkono wa kulia, ule usioweza tena kuinua mkuki, ule ambao sheria ilitaka ukatwe, akaiweka kiganjani mwa mjumbe.

"Mpelekee bwana wako. Hii haijachemshwa. Mwambie apande."

Waimbaji wa ikulu walihifadhi majina ya wafalme na idadi ya ng'ombe wao. La Kabyemera hawakulitaja. Lakini ng'ambo ya Karuruma, hadi leo, hakuna mtu anayepiga goti ili apewe buni.