Sahani Mbili Nyuma ya Gunia

Muuaji wa Salumu nilimtaja mimi, kabla Landrova ya polisi haijazima injini. Hakuna aliyeniwahi, na mpaka leo hakuna wa kuninyang'anya sifa hiyo. Dosari ni moja tu: niliyemtaja siye.

Ulikuwa mwaka wa sabini na nne, Ramadhani, kumi la kati. Wengi wetu tulikuwa tumeanza kufunga tangu mwezi wa sita, bila kutia nia.

Salumu alikutwa nyuma ya pazia la gunia, ndani ya Mgahawa wa Ujamaa, pale njia panda ya Nangurukuru. Ilikuwa saa kumi alasiri. Alilala kifudifudi, povu mdomoni, kucha zimekwangua sakafu ya udongo. Huyu ndiye aliyekuwa bwana stoo wa kijiji. Ufunguo wa ghala la unga wa msaada ulikuwa bado shingoni mwake, umefungwa kwa kamba ya kiatu.

Inspekta Damiani alifika kutoka Masoko na vumbi lake lote. Mmakonde wa Newala, Mkristo, mrefu, mpole kama bwana shamba aliyekuja kutazama mikorosho. Koplo Nassibu, mlinzi wa kituo kidogo cha njia panda, alimpigia saluti iliyotikisa makuti.

"Nani aliikuta maiti?"

"Mimi, afande. Natoka msikitini, nikaona mguu chini ya gunia."

"Alikula nini?"

"Ugali wa Yanga kwa mchuzi wa papa, afande. Na papa mwenyewe chumvi imezidi."

Yanga ndilo jina tuliloupa unga wa njano wa msaada. Wapenzi wa Simba nao waliula, hawakuwa na la kufanya.

Inspekta aliinama, akaingia nyuma ya gunia. Eneo la tukio lilikuwa dogo, mtu angeweza kulipima kwa mkeka. Ukutani ziliegemezwa sahani mbili za bati, zimeoshwa, zimekauka. Jikoni mlikuwa na sufuria yenye ukoko wa njano, na kando yake chungu kilichosuguliwa kwa majivu mpaka kinang'aa.

"Sahani mbili," alisema Inspekta. "Nani mwingine alikula hapa leo?"

Watu wakaanza kuhesabu nzi.

Mgeni yule hakujua alichouliza. Mgahawa ulifunguliwa mchana kwa ajili ya wasafiri, wagonjwa na Wakristo, na gunia lilitundikwa ili waliofunga wasitamani. Lakini gunia halijui kumtenga msafiri na mwenyeji. Mwislamu mzima anayekula kwa siri mwezi wa toba tunamwita kobe, na jina hilo likikunasa utazikwa nalo. Basi kila aliyeulizwa siku ile alikuwa na uongo wake mkononi, na uongo wote ulikuwa mmoja: sikuwapo, sikuona. Mimi mwenyewe msiniulize. Mwaka ule nilikuwa na udhuru wa kike, siku ishirini na tisa mfululizo.

Ndipo nikasema, kwa sauti ya kusikika, "Kamuulizeni Biasha."

Biasha alikuwa na genge lake ng'ambo ya barabara: mafiga matatu, makuti kumi, na wajukuu wawili waliokula kwa moshi wa genge hilo. Yeye peke yake aliuza ndiga iliyopikwa. Ndiga ni kiazi cha porini chenye sumu. Hukatwa vipande vyembamba, hulowekwa kwenye maji yanayokimbia siku nne au tano, kisha ndipo kinalika. Ukiharakisha, kinakula chenyewe. Nami nilimtaja kwa kuwa nilimwona Salumu na lile povu. Na kwa kuwa Biasha alinizidi mapishi, tusifichane.

Inspekta alivuka barabara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula."

"Ndiyo raha ya Ukristo."

"Ulimuuzia Salumu ndiga?"

"Salumu amevaa ghala shingoni. Ndiga aile kwa dhiki gani?"

"Ndiga zako ziko wapi?"

"Mavuji. Ziko kwenye tenga, nimelizamisha mtoni, kule kijijini kwetu kwa zamani. Leo siku ya tatu. Naondoka alfajiri kwenda kuzigeuza, narudi jua kichwani."

"Kwa nini usiloweke hapa?"

"Kwenye nini? Walipotuhamisha walikumbuka bendera, mto wakausahau."

Watu walikuwa wameanza kuokota fimbo. Koplo Nassibu alimsogelea bosi wake. "Ndiye huyu, afande. Tumtie pingu, mambo yaishe."

Inspekta alimpandisha Biasha kwenye Landrova bila pingu. Alisema ni kwa usalama wake. Lakini sote tulijua kesi ya kuua haina dhamana, na mwisho wake ni kamba. Biasha naye alijua. Aliwaambia wajukuu, "Kesho kutwa tenga litakuwa tayari. Msilitoe kabla." Basi.

Kesho yake koplo na vijana wa mgambo waliliangusha genge, wakachoma makuti. Wakaenda hadi Mavuji, wakalitoa tenga, wakazimwaga ndiga zote kwenye mchanga. Walisema wanateketeza sumu. Zilikuwa zimebakiza siku moja.

Siku ya tatu Inspekta alirudi na barua ya daktari mfukoni. Uchunguzi wa maiti ulionyesha ulimi umebabuka, na tumboni mna ugali wa njano uliochanganywa na ndiga ambayo haikulowekwa vya kutosha.

Hakuja kwetu moja kwa moja. Alikwangua ule ukoko wa sufuria, akamtupia jogoo aliyekuwa akipita. Jogoo akala, akasimama, akamtazama kama anayedai mchuzi. Inspekta alimngoja saa nzima. Jogoo akawika.

"Sufuria ni safi," alimwambia koplo. "Sumu ilipikwa kwenye chungu."

"Chungu kimeoshwa, afande."

"Ndiyo maana."

Kisha alikwenda kwenye hoteli ya Abdurahmani. Hiyo ilikuwa hoteli hasa: kuta nne, meza sita, kabati la kioo. Mchana wa Ramadhani ilifungwa, naye Abdurahmani alikuwa ndani akikanda maandazi ya futari.

"Maandazi yako mbona ya njano?"

"Mayai, afande."

"Mayai ya nani? Kijiji kizima nimeona kuku mmoja, na ni jogoo."

Abdurahmani aliufuta unga mikononi taratibu.

"Unga wa msaada umefikaje kwenye karai lako?"

"Marehemu alikuwa rafiki yangu."

"Na wenye unga wao?"

"Aliwaambia wakachimbe ndiga." Akatazama chini. "Wengine walichimba. Mmoja tulimzika mwezi wa Shaabani. Maftaha, mtoto wa Mboni, miaka minne."

"Mboni yupi?"

"Mpishi wa Mgahawa wa Ujamaa. Siku aliyokufa Salumu, zamu ilikuwa yake."

Inspekta alirudi nyuma ya gunia, akaketi kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, magoti yakamfika masikioni. Koplo Nassibu alisimama kando na daftari. Mboni akaitwa. Alikuwa mwanamke mwembamba, wa miaka kama thelathini, khanga yake imefifia hata maandishi hayasomeki. Sisi wengine tulifukuzwa. Lakini gunia lile lilikuwa na matundu, na tundu mojawapo lilikuwa langu.

"Bi Mboni, chungu hiki alikiosha nani?"

"Mimi."

"Maji ya mgahawa yalikuwapo?"

"Yalikwisha asubuhi."

"Basi ulikioshea nini?"

"Maji yangu. Ndoo niliyopewa na gari la maji."

"Kila kaya inapata ndoo ngapi?"

"Moja. Kwa siku tatu."

"Ukaimalizia kwenye chungu kimoja, wakati sufuria hukuigusa."

"Sikuimaliza. Yaliyobaki nimelowekea ndiga nyumbani."

Nyuma ya gunia nilikohoa. Wallahi sikukusudia. Ulimi wangu ndio uliokusudia. "Nyumba ile haziingii ndiga," nikasema kupitia tundu langu. "Tangu mazishi. Pipa amelifudikiza, sote tumeliona."

Huo ndio mchango wangu wa pili katika upelelezi ule, na safari hii nilipatia. Ningepewa kuchagua, ningekosea mara zote mbili.

Inspekta alilitupia gunia jicho. "Twende nikazione hizo ndiga, Bi Mboni."

Mboni hakuinuka.

"Nililowekea humu," alisema. "Kwenye chungu hicho. Hapo kilipo, chini ya pua yake. Siku mbili."

"Kwa nini siku mbili?"

"Ndivyo alivyosema yeye." Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeeleza mapishi. "Nilimwendea mara tatu kuomba unga. Akasema unga ni wa wagonjwa. Nikasema mwanangu mgonjwa. Akasema, kapike ndiga, ndugu Mboni, wazee wetu walikula. Nikasema hapa hakuna mto. Akasema, loweka kwenye pipa, siku mbili zinatosha. Nikaloweka siku mbili. Nikampakulia Maftaha wa kwanza, maana kwetu mdogo hutangulia."

Koplo aliacha kuandika.

"Andika," Inspekta alimwambia. "Endelea, mama."

"Basi nikazikausha juani, nikazitwanga, nikachanganya na Yanga. Rangi ni moja. Nikazidisha pilipili na papa."

"Hakusikia uchungu?"

"Kobe haonji, afande. Anameza huku macho yako kwenye gunia. Mtu aliyekaa kitako akala mchana kweupe, angejua tonge la kwanza." Akazitazama zile sahani. "Alisema zinatosha. Zilitosha."

"Unajua Biasha yuko rumande kwa jambo hili?"

Hapo ndipo Mboni alipolia, kidogo tu, kama anayebana matumizi ya maji.

"Ningesema. Kila jioni nilijiambia kesho nitasema. Nina mwingine wa kunyonya, afande. Nilitaka anyonye kesho moja tena."

Inspekta alimsomea maelezo ya onyo, naye Mboni akatia dole gumba. Hakukuwa na mtu aliyeshangilia. Mtoto wa kunyonya alichukuliwa na bibi yake huko Kitomanga. Sikusikia kama alikua. Mboni alipelekwa Lindi, hakurudi. Ghala lilifungwa kwa lakiri kwa kuwa unga ni kielelezo, na kielelezo hakiliwi. Wadudu hawakusomewa amri hiyo, waliumaliza. Biasha aliachiwa. Alishuka kwenye basi, akasimama mbele ya majivu yake, akayachokoa kwa mguu akitafuta mafiga. Nilimwamkia. Aliitikia, maana ni ibada. Baada ya hapo hakunisemesha miaka kumi na moja, akafa.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile, kabla gunia halijafunguliwa, Inspekta alikuwa na swali moja limebaki.

"Sahani zilikuwa mbili, Bi Mboni. Wa pili hakuogopa kufa?"

"Wa pili nilimpakulia kutoka kwenye sufuria. Sina ugomvi naye."

"Aliona ukimpakulia Salumu kutoka kwenye chungu?"

"Aliona. Alikaa hapo ulipokaa wewe."

"Basi alijua tangu siku ya kwanza kwamba Biasha hahusiki. Ni nani?"

"Aliniomba nisimtaje. Mimi ni muuaji, afande, si msengenyaji."

Inspekta alijipapasa mifuko kama anayetafuta sigara. Hakutoa sigara.

"Koplo."

"Afande."

"Wewe umefunga?"

"Tangu mwezi kuandama, afande. Sijaacha hata siku moja."

"Na siku ile mchana ulikuwa wapi?"

"Msikitini, afande. Nilishasema."

"Ulisema. Ulisema pia papa alikuwa amezidi chumvi." Inspekta alichukua sahani moja ya bati, akaigeuza, akaigonga kwa ukucha. "Sahani nilizikuta zimeoshwa. Mchuzi haukubaki hata tone. Nani alikwambia habari ya chumvi?"

Kupitia tundu langu niliona koo la Koplo Nassibu likipanda na kushuka, kavu, kama la mtu aliyefunga kweli.

"Nilisikia harufu, afande."

"Harufu ya chumvi?"