Rangi ya Kucha Kwenye Koili

Nyie wajukuu hamna kazi. Mwezi wa saba ndio huu, wafu wamefunguliwa mlango watembee, nanyi mmenikalia kooni niwasimulie ya Bun-hiong. Haya. Mwoga akakojoe kabisa, mimi simsindikizi mtu chooni.

Jioni ile, mwezi kama huu huu, nilikuwa napeleka keki za mchele hekaluni, kwa pikipiki kuukuu ya marehemu babu yenu. Manyunyu yanadondoka. Kufika kona ya mfereji, penye miwa, injini ikaanza kukohoa.

Puh... puh-puh...

Ikazima katikati ya njia. Lori la miwa likanikosa kwa upana wa kofia. Nilipoisukuma nje ya kona, ikawaka, ikanguruma kama haijawahi kuugua.

Si mara ya kwanza. Bun-hiong, mtoto wa kaka yangu, ndiye fundi wetu. Alishabadilisha plagi, akasafisha kabureta, akaingurumisha gereji mchana kutwa. Nzima.

"Shangazi, haina kitu. Labda uzee."

"Uzee wa nani?"

"...Wa pikipiki, Shangazi."

"Ugonjwa unaomkimbia mganga hufuatwa unakolala. Endesha wewe. Twende kwenye kona."

Akapauka. Tangu mwaka jana, Siu-ngo, yule binti muuza popoo za kutafuna, alipookotwa mferejini amekufa chini ya pikipiki yake, Bun-hiong alikuwa akizunguka njia ya mbali.

"Si mwezi huu, Shangazi..."

"Lori likinisaga mwezi huu, utanifufua? Panda!"

Tukaenda. Giza lilikuwa linaingia. Kwenye kona, puh... puh... kimya. Vyura nao wakanyamaza.

Harufu ikaja. Chokaa na popoo mbichi.

Kisha shokapu za nyuma zikashuka, kama mtu wa tatu amekaa. Maji baridi yakanilowesha mgongo.

Sikugeuka. Mimi si mjinga.

"Zima taa," nikanong'ona. "Moto wa umeme ukivuja, giza litauonyesha. Piga kiki."

Akapiga. Cheche za buluu zikaruka kwenye koili, ile inayopeleka umeme kwenye plagi, chini ya tangi, zikaramba chuma. Basi, ndio ugonjwa: koili ina ufa, ukilowa moto unavujia pale, haufiki kwenye plagi. Nikawasha tochi. Ule ufa ulikuwa umezibwa na rangi ya kucha. Zambarau, inametameta, imeanza kubanduka.

Kijijini kwetu ni kucha za Siu-ngo tu zilizopakwa rangi ile.

"Bun-hiong. Koili uliyonifungia mwaka jana uliitoa wapi?"

"Nilimkuta ameshaanguka, Shangazi... ameshakufa..."

Nyuma yangu, karibu na sikio:

"Nilikuita."

Bun-hiong naye alisikia. Akapiga magoti kwenye tope.

"Aliniita," akalia. "Mguu ulikuwa umebanwa, maji yanapanda. Nikasema nikimtoa nitaambiwa nimemgonga mimi..."

"Na koili?"

"...Koili ilikuwa nje ya maji, rahisi kuifungua."

Shokapu zikapanda. Kiti kikabaki kimelowa, na maji yale yalikuwa ya mfereji, si ya mvua.

Nilimburuta kwa sikio hadi kwa mama yake Siu-ngo, kisha polisi. Jela alikaa, akatoka. Yule mama hakuhesabu hayo kuwa malipo. Binti akifa hajaolewa hana nafasi kwenye madhabahu ya baba yake, huzurura. Akamwekea Bun-hiong bahasha nyekundu ya posa mezani. Ndani, nywele, na vipande vya kucha za zambarau.

"Chukua, mkwe wangu."

Akachukua. Hekaluni alisimama na kibao chenye jina la marehemu, akafungishwa ndoa nacho.

Pikipiki nilitia koili mpya, haikohoi tena. Kwenye kona ile sinusi chochote. Si kwamba amekwenda zake. Amehamia kwa mumewe.

Kila jioni Bun-hiong hupakua bakuli mbili. Mwanamke wa kumpikia hajapata, waliojaribu hawakumaliza hata wiki. Na siku za manyunyu, majirani husikia jina lake likiitwa kutoka ndani.

Siku hizi huitika mara ya kwanza.